Wakubwa watatu, watoto wawili: mgahawa wa samaki Msasani

Nianze na chakula, maana ndicho tulichokifuata. Mgahawa uko Msasani, Dar es Salaam, upande wa baharini, umeezekwa makuti, na ukipata meza za mbele unaona ngalawa zikirudi. Changu wao wa kuchoma ni mzuri sana. Wanampasua, wanampaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili ya kusaga, halafu wanamwacha juu ya makaa mpaka ngozi ikauke na nyama ibaki na maji yake. Kwa shilingi 35,000 anatosha watu wawili. Wali wa nazi punje zimeachana. Juisi ya ukwaju imechujwa vizuri wala haikuzamishwa kwenye sukari. Kamba wa 42,000 siwashauri, walikaa motoni mpaka wakakakamaa. Pweza wa nazi nitamrudia baadaye, kwa sababu kuna mtu anayemjua kuliko mimi.

Jina la mgahawa silitaji. Mara ya kwanza nilipoandika nililitaja, na barabara yake, na siku yenyewe, na maneno makali. Nimeyafuta. Mtaona kwa nini.

Tulikwenda Idd pili. Mimi, baba watoto, mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kufunga nasi kumi la mwisho, watoto wangu wawili, wa miaka 9 na wa miaka 3, na dada. Huyu ni dada wa kazi, yuko nasi mwaka wa nne sasa. Ana miaka 26, kwao Kondoa. Jina lake siliandiki kwa kuwa ni lake na sikumwomba. Ila niseme kwamba nyumbani kwetu jina hilo halitumiki sana. Watoto wanamwita dada, mume wangu anamwita dada, na mimi niliyemzidi miaka 12 namwita dada, yeye ananiita mama. Wageni wakija wanauliza, "Dada yupo?" na sote tunajua ni nani. Nilikuwa naliona hilo kuwa heshima, na nusu yake ni heshima kweli. Nusu ya pili nimeanza kuiona mwezi uliopita.

Mhudumu alikuja haraka, kijana nadhifu. Akampa mama mkwe shikamoo, akatuuliza habari mimi na mume wangu, akamchezea mtoto mdogo shavu. Kisha akagawa menyu. Moja kwa mama mkwe, moja kwa mume wangu, moja kwangu. Mtoto wa miaka 9 akaletewa karatasi ya picha za samaki na kalamu za rangi. Dada alikuwa amekaa kwenye kona ya meza, amempakata mdogo, amevaa dera jipya la Idd nililomshonea, na ndala. Hakusalimiwa. Hakupewa kitu cha kusoma wala cha kuchora.

Mhudumu akaanza kuandika. Alipomaliza kwetu akanigeukia mimi, siyo yeye, akauliza, "Na dada naye atakula?"

Nikajibu, "Mletee chipsi samaki."

Nataka mlielewe jibu hilo kama lilivyokuwa. Sikuwa na hasira wala sikuwa nabana hela. Sikumtazama. Nilijibu kama mtu anavyojibu kuhusu mtoto wa miaka mitatu ambaye hajui anachotaka, na dada alikuwa ameketi umbali wa mkono.

Mama mkwe akaweka menyu yake chini. Ni mwanamke wa Tanga wa zamani, hapandishi sauti. Akasema, "Mwanangu, kwani mwenzetu ana mdomo wa nini?"

Pale mezani pakapoa. Nikamsogezea dada menyu yangu. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama ukurasa wa kwanza, wa pili, akairudisha. "Chochote tu, mama." Menyu ile imeandikwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Wali wa nazi, pweza, changu, kachumbari, vyote vya pwani yetu, vimeandikwa kwa lugha ambayo mtu aliyeishia darasa la saba Kondoa hawezi kuagizia chakula. Hilo ni kosa la mgahawa, nalisema bila kusita. Mji mzima huu unanunua na kuuza kwa Kiswahili. Kuweka Kiswahili chini ya kila mstari ni kazi ya jioni moja.

Chipsi zikaja. Mdogo alikuwa ameshashuka, anakimbilia ngazi za baharini, na kila alipokimbia dada aliinuka. Alipokaa kula, mafuta yalikuwa yameganda kwenye sahani. Sisi wengine tulikula vya moto. Bili ilikuja 200,000 kamili. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa bila kuombwa, Lipa Namba ipo, vyoo ni safi na sabuni ipo. Hayo yote ni mazuri, na niliyaona siku ileile, lakini kichwani mwangu nilikuwa nahesabu kitu kingine. Dada tunamlipa 150,000 kwa mwezi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha 60,000, kwa hiyo siku zote nilijihesabu kuwa miongoni mwa waajiri wema. Meza moja ya muda wa saa mbili ilikuwa imekula mshahara wake na hamsini juu.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawa nimemkasirikia yule kijana. Alifikaje mahali pa kutazama watu wanne wazima akaona watatu? Alijuaje nani ni nani? Kwa ndala? Kwa sababu ndiye aliyempakata mtoto? Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, kidato cha tano na cha sita, na neno matabaka nimeliandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Alhamisi jioni nina kikundi cha wasomaji, na muhula uliopita tulikuwa na Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1978. Humo yumo mtumishi anayeitwa Kijakazi. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi walitazame jina hilo kwa makini: kijakazi ni mtumwa mdogo wa kike, maana yake mwandishi amempa mwanamke huyu kazi yake iwe ndiyo jina lake. Walilipenda wazo hilo, wakaliandika kwenye madaftari. Mimi nikatoka darasani nikarudi nyumbani, nikabisha hodi, nikasema, "Dada, nifungulie."

Katika insha zao wanafunzi humkamata Fuad, mwenye kasri, mara moja. Tabaka la juu linanyonya tabaka la chini, hoja ya kwanza, mfano, ukurasa. Ninawapa alama, kwa sababu ni kweli. Lakini sijawahi kupata insha inayouliza kuhusu watu wengine waliokula kwenye nyumba za namna ile, wageni waliopakuliwa chakula wakasema asante kwa mwenye nyumba. Swali la mtihani haliwaulizi hao, na mimi sikuwahi kuliuliza.

Jumanne nikatoka kazini nikaenda mgahawani kulalamika. Msimamizi, mwanamke wa makamo, alinikaribisha, akaniletea maji, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Nilisema yote: salamu, menyu, swali aliloulizwa mwajiri badala ya mlaji. Kisha akavuta daftari la kubuku meza, akalifungua, akaligeuza upande wangu. Ijumaa, saa tano asubuhi, namba yangu ya simu, na mbele yake kwa kalamu ya bluu: wakubwa 3, watoto 2.

Nikaikumbuka simu ile yote. Nilikuwa jikoni. Aliniuliza, "Mko wangapi, mama?" nikasema, "Wakubwa watatu, watoto wawili." Dada alikuwa kwenye sinki, ananioshea mchele wa futari.

Msimamizi hakunifanyia kiburi. Aliomba radhi kwa salamu, akasema kijana ataambiwa, ila hatakatwa hela, na mimi nikamwomba asikatwe kweli. Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa. Akasema wahudumu wake wanaogopa kumpa dada wa kazi menyu kwa sababu wapo wateja wanaokasirika. Mmoja aliwahi kuichukua menyu mkononi mwa dada wake mbele ya watu, akamwambia mhudumu, "Nani kakutuma?" Wengine huagiza sahani moja ya watoto igawanywe na yaya. Wengine huomba meza ya pembeni, karibu na jiko, kwa ajili ya watoto na dada. Kwa hiyo wahudumu wamejifunza kumuuliza anayelipa. Mkahawa haukuzaliwa na tabia hiyo, umefundishwa na sisi, meza baada ya meza, na Ijumaa saa tano mimi nilitoa somo langu kwa simu.

Hata hivyo siuachii mgahawa uende zake. Marehemu baba yangu alikuwa mhudumu wa hoteli katikati ya mji kwa miaka 22, sisi tumekua Buguruni kwa mshahara ule. Alikuwa akisema kwamba daftari ni la kupanga viti tu, watu unawahesabu wanapoingia mlangoni. Unahesabu vichwa, unachukua menyu, unaanza na mama mzee. Mteja akikupa hesabu mbovu kwenye simu, macho yako yapo. Yule kijana aliona vichwa vinne. Kwenye kabati la mama bado ipo kadi ya baba ya CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, na chama hichohicho ndicho cha wafanyakazi wa majumbani. Mhudumu na dada, kama wangetaka kukata kadi leo, wangekata ofisi moja. Jambo hilo baba alilijua na nadhani ndiyo sababu watumishi waliokuja na mabosi wao walikuwa wakipata maji kwake kabla hawajaomba. Mimi ni mtoto wake na nimelisahau.

Nikiwa natoka nilipita kwa miguu mpaka barabara kubwa, kwenye nyumba kongwe za upande wa Oysterbay ambazo bado zimesimama. Nyuma ya kila moja kuna kijumba cha watumishi, chumba kimoja au viwili, dirisha dogo. Watu wanaviita boi kota mpaka leo. Mji huu ulijengwa hivyo makusudi, wakati wa Wajerumani na baadaye Waingereza: Uzunguni huku, Uhindini kule, Uswahilini kule mbali, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga mji na Kariakoo. Wakoloni wameondoka, uwanja tunachezea mpira, na maneno tumebaki nayo, tumeongeza ushuani na uswazi. Sisi tunaishi Tabata, hatuna kijumba cha nyuma, dada analala chumba kimoja na watoto. Nilikuwa nalitaja hilo mbele ya watu kama ushahidi wa wema wangu. Analala chumba kimoja na mtoto wa miaka mitatu anayeamka saa nane usiku, na anayeamka naye ni yeye.

Tulirudi mgahawani wiki mbili baadaye, Jumapili mchana. Mama mkwe alikuwa amesharudi Tanga. Nilipiga simu mwenyewe, nikaulizwa tuko wangapi, nikasema wakubwa watatu, watoto wawili. Safari hii ilikuwa kweli.

Alikuwa yuleyule kijana. Alisalimia watu wote, dada akiwamo, akaleta menyu tatu. Kiswahili bado hakijaingia kwenye menyu, nimewakumbusha tena. Lakini nilimwomba atusomee, akasimama akasoma vyakula vyote kwa Kiswahili kwa sauti ya kawaida, bila haraka, kwa meza nzima. Mume wangu alimchukua mdogo tangu kwenye gari. Tulikuwa tumekubaliana usiku uliotangulia, na siyo mazungumzo mepesi, maana yeye alidhani nalikuza jambo. Alishuka naye ngazi za baharini mara nne, na mara ya nne alirudi jasho linamtoka akasema hajui dada anawezaje.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kijana, "Huyu pweza wa nazi, tui mnakamua wenyewe au la boksi?"

Kijana akasema ngoja akaulize. Akarudi: la boksi, mpishi anachanganya na maji.

"Ndiyo maana siku ile lilikatika," dada akasema.

Siku ya Idd alikuwa ameonja kijiko kimoja kutoka sahani ya mama mkwe na hakusema kitu. Sasa akaeleza, na kijana akabaki amesimama anasikiliza. Pweza mwenyewe hana tatizo, amepigwa vizuri, ni laini, haulizi meno. Kosa liko kwenye mchuzi. Unapika kwanza na tui jepesi pamoja na nyanya, bizari na kitunguu mpaka pweza aive, tui zito linaingia mwishoni, moto umepungua, na unakoroga bila kuacha, bila kufunika, mpaka lichemke mara moja tu. Wao wanamimina lote pamoja na kufunika sufuria, ndiyo maana mafuta yanapanda juu na chini panabaki vijidonge kama maziwa yaliyoganda. Mimi nilikuwa nimemla pweza yule siku ya Idd nikamsifia. Mkienda, msimuagize mpaka wabadilishe. Hiyo ni hukumu yake na nimeiandika kama alivyoisema.

Yeye aliagiza changu wa kuchoma na ugali. Alimla polepole, kwa mkono, akamaliza kichwa. Akasema ndimu imezidi kidogo ila samaki ni wa leo. Kisha akaagiza kaimati na chai ya tangawizi, nasi tukamfuata. Kaimati zao ni nzuri, shira imetiwa iliki na haikwami kooni, 7,000 kwa sahani ya kumi.

Sitaki mfikirie kwamba chakula kile kilimaliza kitu. Nilitamani kiwe kimemaliza. Njiani nilikuwa na furaha ambayo sasa naiona ilikuwa ya mapema. Usiku, watoto wamelala, dada alikuja sebuleni akasimama karibu na mlango, kama anavyosimama siku zote akiwa na jambo. Nilimwambia akae. Akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, nashukuru kwa leo. Samaki alikuwa mzuri." Akanyamaza kidogo. "Lakini kama ni kunifikiria, mimi naomba likizo. Mama yangu sijakaa naye mwezi mzima tangu nije."

Nilianza kusema kwamba alikwenda Desemba. Alikwenda siku 10. Mwaka uliotangulia siku 10, na mwaka wa kwanza hakwenda kabisa kwa sababu nilikuwa na mimba ya kuumwaumwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Najua kwa sababu siku zangu 28 nazichukua zote na nikikatiwa moja naandika barua. Kwa miaka minne hakuandika barua yoyote. Alisubiri aulizwe, na mimi nilimuuliza anataka kula nini.

Kwa hiyo kuhusu mgahawa: nendeni, hasa mchana, kabla ya saa saba, meza za mbele zikiwa bado zipo. Agizeni changu, wali, ukwaju, kaimati. Kamba na pweza waacheni. Maegesho yapo ila ni finyu. Huduma ilikuwa na doa na imeanza kusafishwa, na yule kijana nitamwomba kwa jina nikirudi, maana aliposahihishwa alisahihika. Menyu ya Kiswahili nitaendelea kuidai mpaka waichoke sauti yangu.

Nyumbani tumekubaliana siku zote 28, mshahara wake ukiwa mkononi kabla hajaondoka, na nauli juu yetu. Shangazi wa watoto atatusaidia asubuhi, jioni ni zamu yangu na ya baba watoto. Basi linaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, Ijumaa alfajiri. Wakati wa kukata tiketi wakala aliniuliza abiria atakaa wapi. Nikampa dada simu. Akasema dirishani, upande wa kushoto.